SHA pekee, bima ya kundi au mfuko wa kampuni: chama kidai lipi mezani?

Chukua mkataba wa pamoja wa kazini kwenu, ile CBA, ufungue pale penye kifungu cha matibabu. Ikiwa ulisajiliwa mahakamani kabla ya Oktoba 2024, huenda bado unataja NHIF, ule mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya hospitali: mwajiri atalipia kinachozidi NHIF, au mwajiri atamlipia mfanyakazi mchango wa NHIF. Lakini NHIF haipo tena. Iliyopo ni SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yenye makato yake, huduma zake na mpaka wake wa kile inacholipa. Kifungu chenu kimebaki kama ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

Haya ninayoandika ni ya wawakilishi wa wafanyakazi na wanachama wa kawaida wa sekta ya kibinafsi nchini Kenya ambao wanakaribia kuketi na mwajiri na hawajaamua wadai nini. Njia zilizoko ni tatu: kubaki na SHA na kuomba posho ya matibabu, kudai bima ya kundi kutoka kwa kampuni ya bima, au kukubali mfuko ambao kampuni inauendesha yenyewe. Nimeketi upande wa wafanyakazi kwenye meza hizo zaidi ya mara moja, na kuna mahali tulikosea. Nitafika hapo.

## Kilichobadilika kwenye hati ya mshahara

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini Oktoba 2023. Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema ni kinyume cha katiba, Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi. Chini yake kuna mifuko mitatu: wa afya ya msingi, unaogharamiwa na serikali, SHIF, yaani wa bima ya afya ya jamii, tunaoujaza sisi kwa makato, na wa dharura na magonjwa sugu, unaoingia pale SHIF inapoishia.

NHIF ilikata kwa madaraja, kuanzia sh150 hadi sh1,700, na aliyepokea laki moja alilipa sawa na aliyepokea laki tano. SHIF hukata asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine. Haishuki chini ya sh300 kwa mwezi na haina dari.

| Mshahara kwa mwezi (sh) | NHIF (sh) | SHIF (sh) |
|---|---|---|
| 20,000 | 750 | 550 |
| 35,000 | 950 | 962.50 |
| 50,000 | 1,200 | 1,375 |
| 80,000 | 1,500 | 2,200 |
| 120,000 | 1,700 | 3,300 |

Jedwali hili lina siri ambayo wengi hawaioni. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mchango wa SHIF huondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kupigwa. Enzi za NHIF ulipata nafuu ya asilimia 15 tu ya mchango. Kwa hiyo mwenye sh50,000, ambaye sehemu ya juu ya mshahara wake hutozwa asilimia 30, anaumia kwa takriban sh962 leo, kumbe zamani aliumia kwa sh1,020. Kelele za kuongezewa mzigo zina haki yake kwa wa sh80,000 kwenda juu. Kwa mshona nguo wa EPZ, yale maeneo ya viwanda vya kuuza nje, au mchuna chai, makato yamepungua. Mjue hili kabla ya kuketi, maana meneja atakuwa analijua.

Jambo la pili ni zito kuliko la kwanza. Kwa NSSF, akiba ya uzeeni, mwajiri huchangia sawa na wewe. Kwa ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 yako na 1.5 yake. Kwa SHIF sheria haimtozi hata shilingi moja: kazi yake ni kukata na kuwasilisha. Hapo ndipo hoja ya chama inapopata miguu, kwa sababu gharama ya afya ya mfanyakazi imewekwa yote begani kwake mwenyewe.

Jambo la tatu ni matibabu bila kulazwa. Chini ya NHIF ulichagua kituo chako na ukahudumiwa hapo, hata kama ni hospitali ya kibinafsi iliyo kwenye orodha. Sasa huduma hiyo imepelekwa kwenye mfuko wa afya ya msingi, yaani zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3. Ukienda hospitali kubwa kwa homa na kikohozi, tarajia kutoa pesa mfukoni.

Tena kuna kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kinamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi anayeugua anapata dawa, na ikiwezekana tabibu anapougua sana. Ila wajibu huo hauhesabiki pale ambapo matibabu yanatolewa bure na serikali au na bima iliyoundwa kwa sheria. Wakili wa mwajiri atakuambia SHA ni bima ya namna hiyo hasa, kwa hiyo mteja wake hadaiwi. Basi msiende mezani mkiegemea sheria hiyo peke yake. Kitakachowafaa ni kile mtakachoandika kwenye CBA, kwa kuwa ikishasajiliwa huwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi inayemhusu.

## Vigezo tutakavyopimia

Njia zote tatu nitazipitisha kwenye kipimo kimoja. Kwanza pesa: nani analipa na kodi inameza kiasi gani. Pili huduma, hasa za bila kulazwa, kwa sababu homa ya mtoto hubisha hodi mara nyingi kuliko upasuaji. Tatu familia, na umbali wa hospitali kutoka mahali familia inaishi. Nne, siku fedha zinapoisha katikati ya ugonjwa, nani anabeba. Tano, unabaki na nini ukiachishwa kazi au ukistaafu.

Kigezo cha nne ndicho ninachokipa uzito mkubwa. Mipango yote hupendeza mwezi Januari.

Ajali za kazini sizihesabu humu. Hizo zina sheria yake, WIBA, na mwajiri anapaswa kuzikatia bima mbali. Meneja akiwaambia bima ya WIBA ni sehemu ya "kifurushi cha matibabu" anachowapa, mrudisheni polepole kwenye ajenda.

## Njia ya kwanza: SHA na posho ya matibabu

Pesa. Hii ndiyo rahisi kwa kila mtu. Mchango wako unakatwa kama kawaida, na chama kinadai kiasi fulani cha fedha taslimu kila mwezi. Shida ni kwamba posho ni mshahara, na mshahara hutozwa kodi. Tuseme unapokea sh45,000 na mmejadiliana mkapata sh3,000 za matibabu. Hapo hukatwa SHIF sh82.50, ushuru wa nyumba sh45, NSSF sh180, kisha asilimia 30 ya kilichosalia. Mkononi zinafika karibu sh1,885. Zile 180 za NSSF ni akiba yako, sawa, lakini hazitakununulia dawa leo. Na kwa mwajiri ni zaidi ya 3,000, kwa kuwa NSSF na ushuru wa nyumba upande wake pia hupanda.

Huduma. Kwa kulazwa na magonjwa makubwa, SHA si ya kubezwa. Katika viwango vilivyochapishwa 2025, kitanda kinalipiwa sh3,360 kwa siku katika hospitali ya ngazi ya 4, sh3,920 ngazi ya 5 na sh4,480 ngazi ya 6. Chumba cha wagonjwa mahututi ni sh28,000 kwa siku. Kujifungua kwa kawaida sh10,000, kwa upasuaji sh30,000. Kusafishwa damu kwa mgonjwa wa figo ni sh10,650 kila mara. Kwenye hospitali ya umma viwango hivi huenda vikatosha. Kwenye hospitali ya kibinafsi ya Nairobi au Mombasa, linganisha mwenyewe na bei ya kitanda utakayotajiwa mapokezini. Kwa matibabu bila kulazwa, ile posho ndiyo bima yako.

Familia na hospitali. SHA inasajili kaya, nawe unaingiza mwenzi na watoto. Wazazi wako wazee ni kaya yao wenyewe. Wakijisajili kwa mchango wa chini kabisa ni sh3,600 kwa mwaka kwa wote wawili, bei ambayo hakuna kampuni ya bima itakayowatajia watu wa miaka 70. Faida nyingine ni kwamba SHA iko Lodwar, iko Kwale, iko kijijini ambako mke na watoto wa wafanyakazi wengi wanaishi.

Siku fedha zinapoisha. Kwa saratani, SHA ilianza na sh400,000 kwa kaya kwa mwaka kutoka SHIF, kisha sh150,000 za mfuko wa magonjwa sugu. Zikiisha, ni wewe na harambee. Pia kuna siku fedha zinapoisha upande wa pili: Februari 2025 hospitali za kibinafsi zilizo chini ya muungano wa RUPHA zilisitisha huduma za SHA kwa sababu ya madeni, yakiwemo yaliyorithiwa kutoka NHIF. Mwenye kadi halali alirudishwa mlangoni au akaambiwa alipe taslimu. Posho ya sh1,885 haisaidii siku hiyo, labda kama umeiweka kwenye SACCO tangu mwaka jana, na tuambizane ukweli, ni wangapi wameiweka?

Ukiacha kazi. SHA inakufuata popote. Lakini mshahara ukikoma, unahamia kundi la wasio na ajira rasmi: unapimwa uwezo wa kaya na mchango unalipwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Kuna mpango wa mkopo, Lipa SHA Pole Pole, wa kuugawanya. Posho nayo inaisha siku ya mwisho wa kazi.

Inawafaa vijana wasio na watoto wanaougua mara chache, vibarua wa msimu, na wale ambao mwenzi wao tayari ana bima nzuri kazini kwake na amewaingiza. Inafaa pia pale ambapo wafanyakazi wametawanyika kaunti nyingi zisizo na hospitali za kibinafsi.

## Njia ya pili: bima ya kundi juu ya SHA

Pesa. Mwajiri anailipa kampuni ya bima kiasi fulani kwa kila mfanyakazi au kila familia kwa mwaka. Hapa kodi inageuka upande wenu: bima ya matibabu ambayo mwajiri anamlipia mfanyakazi wa kudumu haihesabiwi kuwa mapato ya mfanyakazi. Shilingi elfu tatu inafika kwenye bima ikiwa elfu tatu. Mwenye posho ya sh1,885 akienda kununua bima peke yake, ataanza na fedha pungufu, halafu atatozwa bei ya mtu mmoja, aulizwe presha na sukari, asubirishwe miezi. Kundi kubwa huondolewa mengi ya masharti hayo.

Huduma. Hapa ndipo watu hupumbazwa na tarakimu moja. Wakala atasema familia inapata milioni moja, na ukumbi utapiga makofi. Milioni hiyo ni ya kulazwa. Ulizeni fungu la bila kulazwa ni shilingi ngapi, ni la mtu au la familia, na kuna malipo mangapi ya papo kwa papo kila unapomwona daktari. Ulizeni uzazi uko ndani ya ile milioni au una fungu lake. Ulizeni magonjwa sugu, kwa sababu mara nyingi yana kikomo chake kidogo ndani ya kile kikubwa. Halafu ulizeni SHA inaingia vipi. Baadhi ya mikataba hutoa kwanza kile ambacho SHA ingelipa, na kama SHA yako haiko hai, pengo hilo ni lako. Mwajiri aliyekukata 2.75 na kuchelewa kuiwasilisha anaweza kukugharimu kitandani.

Familia na hospitali. Kwa kawaida mnapatana idadi: mfanyakazi, mwenzi na watoto kadhaa. Mtoto wa ziada hulipiwa zaidi, na wazazi hulipiwa zaidi sana, kama watakubaliwa. Orodha ya hospitali ndiyo ya kusomwa kabla ya kitu kingine. Kiwanda kiko Athi River, mfanyakazi analala Mlolongo, familia iko Busia. Orodha ikijaa hospitali za Nairobi tu, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Siku fedha zinapoisha. Ndani ya mwaka wa bima, kikomo ni kikomo, na kampuni ya bima ndiyo inayobeba hatari hadi hapo. Huo ndio ubora wake: mwajiri akiwa na mwaka mbaya, bima iliyokwisha kulipiwa inaendelea. Lakini mwaka ukigeuka, mambo hugeuka nao. Kama madai yalikuwa makubwa kuliko malipo, kampuni ya bima inapandisha bei, na mwajiri anakuja na sura ya msiba.

Hapo ndipo tulipokosea. Tuliandika kwenye CBA kwamba mwajiri atatumia kiasi fulani cha shilingi kwa kila mfanyakazi kwa mwaka. Tuliona tumefunga goli. CBA yetu ilikuwa ya miaka miwili, bima ni ya mwaka mmoja. Mwaka wa pili bei ilipanda, mwajiri akalipa kiasi kilekile kama tulivyoandika, na kampuni ya bima ikapunguza fungu la bila kulazwa ili hesabu itoshe. Mwajiri hakuvunja mkataba. Kufika Oktoba kadi za wenye watoto wadogo zilikuwa tupu, na simu zilizokuwa zikilia usiku hazikuwa za meneja, zilikuwa zangu. Tangu hapo nasema: andikeni huduma, msiandike bei. Kulazwa kiasi hiki kwa familia, bila kulazwa kiasi hiki kwa mtu, na hakuna kushusha katika uhai wa mkataba bila chama kutia saini. Jina la kampuni ya bima liachwe nje, ili iweze kubadilishwa ikizembea.

Ukiacha kazi. Kadi inakufa na ajira, mara nyingi siku hiyohiyo. Aliyekuwa akitibiwa ugonjwa sugu anatoka bila kitu ila SHA, na akienda kutafuta bima yake binafsi ataambiwa ugonjwa ulikuwepo. Daini angalau kadi iendelee hadi mwisho wa mwaka wa bima kwa anayeachishwa kwa kupunguzwa wafanyakazi. Mwajiri ameshailipia tayari.

Inawafaa wenye familia changa, maana hao ndio wanaokula fungu la bila kulazwa. Inafaa pia kampuni za ukubwa wa kati ambazo uimara wake wa kifedha hamuujui, na matawi yaliyo mijini karibu na hospitali za orodha.

## Njia ya tatu: mfuko wa matibabu wa kampuni

Huu si mgeni. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yamekuwa na zahanati zao tangu enzi za wakoloni, na mfanyakazi wa shamba alizaliwa humo, akatibiwa humo, na watoto wake vivyo hivyo. Siku hizi sura yake nyingine ni ya kampuni kutenga fedha na kuajiri msimamizi wa kushughulikia kadi na bili, bila kuhamishia hatari kwa kampuni ya bima.

Pesa. Mwajiri hulipa bili zinapokuja. Hakuna faida ya kampuni ya bima ndani yake, na kiasi kisichotumika mwaka huu kinabaki. Swali la kwanza la chama ni kinabaki wapi. Kikibaki kwenye akaunti ya kampuni, ni fedha za kampuni. Kikiwekwa kwenye mfuko wa amana wenye wadhamini, wakiwemo wa chama, ni akiba yenu ya mwaka mbaya. Kodi inafanana na ya bima ya kundi.

Huduma. Ndiyo njia inayoweza kukunjwa mtakavyo. Miwani kwa mafundi wa kuchomelea, uchunguzi wa mapafu kwa wa saruji, ushauri nasaha, vyote vinaweza kuingia bila kumwomba mtu Nairobi. Zahanati ya ndani inamaliza tatizo la bila kulazwa ambalo SHA imeliacha wazi, na mfanyakazi hapotezi siku nzima foleni. Tena zahanati hiyo ikisajiliwa na SHA, dawa za kawaida zinaweza kulipiwa na mfuko wa afya ya msingi, na fedha za kampuni zikaelekezwa kwenye kulazwa.

Familia na hospitali. Zahanati ya kazini inamfaa anayeishi karibu. Familia iliyo mbali inategemea hospitali ambazo kampuni imefanya nazo mapatano, na orodha huwa fupi.

Siku fedha zinapoisha. Hapa ndipo moyo wangu hupiga kwa nguvu. Mgonjwa mmoja wa mahututi kwa wiki tatu, wengine wawili wa saratani, na mfuko wa kampuni ya watu mia mbili umekauka. Wakati huo meneja wa wafanyakazi ndiye hakimu: huyu alipiwe, yule angoje. Nimeona barua ya "kwa hisani ya usimamizi" ikitolewa kwa mtu mmoja na kunyimwa mwingine aliyekuwa na ugonjwa uleule. Mkikubali njia hii, dai bima ya kuupiga jeki mfuko pale bili ya mtu mmoja au ya mwaka inapovuka kiwango, na kamati ya pamoja ya kusikiliza rufaa. Kampuni ikifilisika, mfuko ulio ndani ya vitabu vyake unafilisika nao, na nyinyi mnasimama foleni ya wadai.

Kuna pia suala la siri. Anayelipa bili anaona ugonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Andikeni kwamba msimamizi wa nje ndiye atakayeona majina, na ofisi ya wafanyakazi ipewe jumla tu. Mfanyakazi anayeogopa kuonekana hatatibiwa, awe na kadi ya milioni ngapi.

Ukiacha kazi. Ukitoka, mfuko nao umekuishia. Nafuu moja ni kwamba mfuko unaweza kuandikiwa kanuni ya kuwabeba wastaafu kwa kiwango kidogo, jambo ambalo kampuni za bima hulikataa au huliuza ghali.

Inawafaa wafanyakazi wa kampuni kubwa na zenye mizizi, walio sehemu moja mbali na mji, wenye chama chenye macho ya kusoma vitabu vya hesabu.

Kuhusu chama kuanzisha mfuko wake chenyewe kutokana na ada za wanachama, nitasema kwa ufupi: kama mchango wa mazishi au wa kumshika mkono mgonjwa, ni jambo jema na vyama vingi hufanya. Kama mbadala wa bima, kikundi ni kidogo na hatari ni kubwa.

## Walimu na watumishi wa umma

Kwao chaguo lilishafanywa. Walimu walikuwa chini ya mpango wa bima uliosimamiwa na kampuni ya Minet tangu 2015, na tarehe 1 Desemba 2025 wakahamishiwa SHA, kwenye mfuko wa matibabu wa maafisa wa umma, POMSF, ambako watumishi wa serikali na polisi walikuwa wametangulia. POMSF si SHIF ya kila mtu. Ni fungu la mwajiri linaloongezwa juu ya SHIF, na kwa maana hiyo linafanana na njia ya pili, ila anayebeba hatari na anayesimamia wako chini ya paa moja.

Kinachofaa kukumbukwa na vyama vya walimu, KNUT, KUPPET na vingine, ni chanzo cha fedha zile. Walimu waliachilia posho yao ya matibabu ili mpango uanze. Ni jasho lao, halikuwa zawadi ya TSC, tume inayowaajiri. Kwa hiyo huduma ikilegea, wanadai ubora wa kitu walichokinunua, na swali la kurudishiwa posho si utovu wa adabu.

## Kulingana na hali yenu

Wengi wenu mkiwa chini ya sh35,000 na mnaishi na familia zenu mjini, anzeni na fungu la bila kulazwa hata kama la kulazwa litakuwa dogo. SHA na hospitali ya umma zitabeba sehemu ya kulazwa; ya kliniki ya jioni hakuna atakayeibeba. Mwajiri akisema hana uwezo wa bima kamili, ombeni bima ya bila kulazwa peke yake kabla ya kukubali posho.

Mkiwa na mishahara ya sh80,000 na zaidi, SHIF imewaumiza na mnajua. Ombi la mwajiri kufidia tofauti kati ya sh1,700 na 2.75 linavutia, lakini fidia hiyo ni mshahara, itakatwa kodi na 2.75 nyingine. Elekezeni nguvu hizo kwenye kikomo cha kulazwa na magonjwa sugu.

Mkiwa wa msimu au wa kandarasi za miezi mitatu, chukueni posho, na mhakikishe mwajiri anawasilisha SHIF kila mwezi. Piga *147# uone kama uko hai. Fanya hivyo leo, si siku ya kulazwa.

Kampuni ikiwa na zahanati tayari, msiiache ifungwe kwa kisingizio kwamba SHA imekuja. Zahanati iliyofungwa hairudi. Dai isajiliwe SHA na mpate bima ya kundi kwa kulazwa tu. Mchanganyiko huo mara nyingi hushinda kila njia ikiwa peke yake.

Kampuni ikinong'onwa kuwa inayumba, mfuko wa ndani muuogope. Bima iliyolipiwa mwaka mzima mbele ni bora, hata ikiwa ya kiwango kidogo.

Mkiwa na wengi waliobakiza miaka mitano kustaafu, tazameni kigezo cha tano kwanza. Ulizeni mwajiri kama atachangia mwaka mmoja au miwili ya SHA ya kaya kwa anayestaafu. Kwa mchango wa chini ni sh3,600 kwa mwaka, na ni nadra mwajiri kukataa kitu kidogo hivyo mbele ya mzee aliyemfanyia kazi miaka 30.

Na kama CBA yenu bado ina mwaka mmoja mbele, na kifungu bado kinasema NHIF, msingoje. Andikieni mwajiri barua mkiomba marekebisho ya kifungu hicho kimoja, neno NHIF lisomeke SHA, na viwango vya huduma viandikwe kwa tarakimu. Wakitia saini, pelekeni marekebisho yasajiliwe mahakamani kama mkataba wenyewe ulivyosajiliwa. Barua hiyo ni ya ukurasa mmoja, na katibu wa tawi anaweza kuiandika Jumatatu asubuhi.